Kidevu cha Anyesi

Ukitaka kugombana na Nalepo, mwambie mjukuu wake fulani hafanani na Lemomo. Kazi ya kutambua sura pale nyumbani Kiranyi ilikuwa yake, na hakupewa na mtu, alijipa mwenyewe. Mtoto akizaliwa kwenye ukoo, analetwa kwake kabla hata mchungaji hajaambiwa. Anamlaza mapajani, anamgeuzia kwenye mwanga wa mlango, anampitishia vidole viwili chini ya kidevu na kukisukuma juu kidogo, halafu anatamka neno moja tu. "Lemomo." Imeisha hiyo, watu wanakunywa chai.

Lemomo alikuwa mumewe, marehemu wa siku nyingi, na picha yake ilining'inia sebuleni: uso wa mviringo, meno ya juu yametangulia mbele ya mdomo, na chini yake kidevu kidogo kilichorudi nyuma kama kinaona haya. Uzuri wa sura hakuwa nao, tuseme tu ukweli. Lakini Nalepo aliipenda ile sura. Akaiona ikirudi kwa mwanawe wa kwanza, Loserian, kisha kwa mdogo wake Simel, kisha kwa wajukuu. Anyesi, binti pekee wa Loserian, ndiye aliyeichukua yote, meno na kidevu. Siku alipoletwa, bibi hakuhitaji hata kumgeuzia kwenye mwanga.

Kisha Loserian akafa kwa ugonjwa wa figo, Anyesi akiwa darasa la tatu. Mama mwingine angebaki na mashati ya mwanawe ndani ya sanduku. Nalepo alibaki na uso. Kila Jumamosi Anyesi alipopanda kutoka Sombetini, alikoishi na mama yake, bibi alimkalisha mbele yake akamtazama mpaka chai ikapoa, na roho yake ikatulia. Loserian hajaenda mbali, yule pale anakula kiazi.

Kwa hiyo mwelewe mama wa watu alivyojisikia siku Anyesi alipokuja akiwa na chuma mdomoni.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Waya wa meno, Koko," mjukuu akamjibu bibi yake. "Unayarudisha ndani."

"Yalitoka wapi hata yarudishwe?"

Anyesi akataka kucheka, akafunga mdomo kwa maumivu. Aliyejibu alikuwa mama yake, Agnela: watoto wa shule wanamtania, na daktari amesema meno yakikaa nje vile, siku akianguka yatavunjika. Agnela alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa Kimeru kutoka Maji ya Chai, na meno yake, yaliyotiwa kahawia na maji ya kwao, yalikutajia kwao kabla yeye hajakutajia jina. Nalepo hakuwahi kugombana naye. Hakuwahi kumwamini pia.

"Mama Anyesi, hayo ndiyo meno ya baba yake," akasema.

"Najua, Mama."

"Unajua, na bado unayafunga waya."

Agnela akainama kupanga vikombe. Nalepo akaona alivyoinama upesi, akaliweka moyoni. Alikuwa mtu wa kuweka, na akiweka kitu hakiozi.

Meno yakarudi ndani taratibu, na hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni uso wenyewe. Waya ulipokuwa unaingia mwaka wa pili, uso wa Anyesi ulianza kwenda chini. Ukarefuka. Mashavu yakapungua, taya likajichora, na kile kidevu cha haya cha kina Lemomo kikatoka mbele, kikasimama pale kina neno la kusema. Jumamosi moja Nalepo alikaa na chai yake akamtafuta mwanawe, hakumwona. Mbele yake kulikuwa na msichana mrefu anamenya viazi, mwenye sura asiyoijua.

Akangoja Anyesi atoke kuchota maji, akaishusha picha ya Loserian ya siku za sekondari, akaificha chini ya shuka. Msichana aliporudi, bibi akawa anachungulia chini, anatazama juu, anachungulia tena.

"Unaniangalia nini, Koko?"

"Sikuangalii wewe," akasema, na kwa namna fulani hakuwa anadanganya.

Usiku huo hakulala vizuri, lakini asubuhi alikuwa ameshapata mwenye kosa. Ni ule waya. Chuma kinavuta mtoto usiku na mchana, kwa nini uso usirefuke? Hata mche wa mparachichi ukiufunga kamba unakwenda upande wa kamba. Na wazo hilo, mtashangaa, lilimfurahisha. Kama ni waya, dawa yake ni kuutoa, na ukitoka, Loserian atarudi mahali pake. Siku ya kwenda kliniki ilipofika, akamwambia Agnela abaki na cherehani yake, yeye mwenyewe atampeleka mtoto.

Kliniki ilikuwa Kimandolu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Daktari alikuwa mwanamke mpole aliyejifunga ushungi, jina lake Mwamvua, na alipoona bibi ameingia na fimbo yake akasimama kumwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kuuliza uso wa mtoto wangu mmeupeleka wapi."

Wengine wangekasirika. Daktari Mwamvua alimlaza Anyesi kwenye kiti, akamwekea kifaa cha kuachamisha mdomo, kisha akamgeuzia Nalepo kioo cha kompyuta. Akamwonyesha eksirei mbili za kichwa cha Anyesi zilizopigwa kwa upande, moja kabla ya waya na nyingine ya mwezi ule, akazilaza moja juu ya nyingine. Nalepo akaona fuvu la mjukuu wake, akajikaza.

"Waya unasogeza meno, bibi," daktari akasema. "Niling'oa mawili ya juu nipate nafasi, haya ya mbele yakarudi, mdomo sasa unafunga bila shida. Hiyo ni kazi yangu na ninaikubali. Lakini huu urefu si wangu. Tazama hapa juu, kwenye paji na macho, mistari inakaribia kulingana, kwa sababu huku kulishakua mapema. Sasa shuka chini. Taya la chini ndilo linalochelewa, na likianza halimwombi mtu ruhusa. Limeshuka, limekuja na mbele. Nawaona watoto wa umri wake waliofungwa waya na wasiofungwa, na nyuso zao zote zinarefuka."

"Ukiutoa huo waya je?"

"Uso utabaki hivi hivi. Huu ndio uso wake. Alizaliwa nao, ulikuwa unangoja umri tu."

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na daktari wa watu hakujua. Yeye alidhani anamtuliza mzee. Nalepo alikuwa amepanda zile ngazi akiomba waya ukutwe na hatia, na sasa waya umeachiwa huru. Kama uso ule haukutoka kwenye chuma, umetoka kwenye damu. Na damu ya nani?

"Kwenu kuna nani mwenye kidevu cha hivi?" daktari akauliza, maskini, kana kwamba amesikia. "Mimi nilipanga kwa kidevu kidogo, hiki kimenishtukiza. Ningejua mapema ningepanga vingine."

"Hakuna."

"Upande wa mama?"

"Nawajua wote. Nyuso zao fupi."

Daktari akamtazama Nalepo usoni kidogo, kwenye yale mashavu yaliyoingia ndani na pengo la meno mawili ya chini aliyong'olewa kwa mila akiwa binti, halafu akarudi kwenye kompyuta yake. "Lazima yupo," akasema. "Taya halitoki hewani."

Anyesi alikuwa amelala pale kwenye kiti, mdomo wazi, taa usoni, macho darini. Mdomo wake haukuweza kusema kitu. Kwamba masikio yake yalikuwa wazi vilevile, hakuna aliyelifikiria.

Walipotoka, Nalepo akamkuta Oscar mapokezi. Oscar alikuwa dereva wa watalii, rafiki wa Loserian tangu shule ya msingi, na Agnela ndiye aliyemwomba apite kuwachukua. Alikuwa ameinamia dirisha la malipo, simu mkononi, na yule dada wa mapokezi anamwambia imeingia, asante, tuonane mwezi ujao. Kumbe. Oscar akageuka, na kilichotangulia kugeuka kilikuwa kidevu. Kirefu, kimetoka mbele, kimesimama. Nalepo alimfahamu kijana huyu tangu akiwa na kaptula, na ilikuwa mara ya kwanza anamwona.

Garini alikaa mbele, Anyesi akakaa nyuma. Walipofika Sakina akasema, bila kugeuza kichwa:

"Meno ya mjukuu wangu unalipia wewe."

Oscar akakaza mikono kwenye usukani. "Nachangia, Mama. Loserian aliniomba."

"Loserian aliomba lini?"

"Akiwa wodini. Alikuwa anaziba mdomo akicheka, si unakumbuka? Tulimtania sana shuleni, mimi nikiwa wa kwanza. Akaniambia hataki binti yake azibe mdomo."

"Mwanangu hakuwa anaziba mdomo."

"Alikuwa anaziba, Mama. Akaniambia nisikwambie, utaumia. Ni meno ya mzee."

Nalepo akatazama dirishani. Shahidi wako ni marehemu, akawaza. Umechagua vizuri. Na unaniambia mimi, niliyemzaa, jinsi mwanangu alivyokuwa anacheka. Hasira zilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, huzuni mpya kabisa, kwa sababu ilimjia kwamba safari hii Loserian amekufa kweli. Kwa hiyo miaka yote hii ya kumtazama mtoto mpaka chai ipoe, alikuwa anamtazama mtoto wa Oscar.

Kuanzia siku ile kila kitu kikawa ushahidi. Agnela akileta kitenge, anamnunua. Asipoleta, anamkwepa. Akipiga simu, kwa nini amepiga; asipopiga, unaona. Na Anyesi mwenyewe alibadilika. Alianza kuja na skafu shingoni hata jua likiwaka, na kila akiwa mbele ya bibi yake anakibana kidevu kifuani, anatembea ameinama, anakula ameinama, ukimwuliza jambo anajibu akiiangalia sakafu. Zamani alikuwa akiingia tu anamrukia Koko. Sasa anaamkia kutoka mlangoni.

"Anajua," Nalepo akajiambia. "Mama yake amemwambia. Mtu asiye na kitu cha kuficha hainami hivyo."

Akaacha kumkalisha mbele yake. Chai akainywa ikiwa ya moto.

Mwezi wa Desemba Anyesi alikuwa apate kipaimara, na hapo ndipo penyewe. Pale nyumbani mtoto akipata kipaimara, baada ya ibada, watu wakishakaa chini ya turubai na kabla chakula hakijaguswa, mkubwa wa nyumba anasimama naye, anamtaja ni mtoto wa nani, kisha anamkabidhi kamba ya mtamba wake wa kwanza. Tangu Lemomo afariki, mkubwa huyo ni Nalepo. Mtamba wa Anyesi alishachaguliwa zamani, mwekundu mwenye paji jeupe, anachungwa kule juu Olmotonyi kwenye zizi la Simel. Na neno likitajwa pale mbele ya ukoo na mchungaji halirudishwi. Ukitajwa umetajwa. Usipotajwa, hata shamba la baba yako utalipita ukiwa mpita njia.

Nalepo hakutaka makelele. Hangemtukana mtu. Angesimama na kusema, "Nampongeza mtoto wa Agnela," akaketi. Maneno manne. Waarusha na Wameru wote waliokuwepo wangeelewa, na Oscar angeelewa kuliko wote.

Akamwita Simel. "Yule mtamba asishuke."

Simel akamtazama mama yake, akadhani hakusikia vizuri. "Yeyo, ulishamwahidi mtoto."

"Nimesema asishuke."

"Amekosa nini?"

"Yeye hajakosa," Nalepo akasema, na lilikuwa kweli, naye alilijua. Lakini hakurudisha neno.

Jumapili yenyewe ikafika, jua kali, Mlima Meru umejivua mawingu wote mpaka kileleni. Ua ulijaa viti vya plastiki. Akina mama walikuwa kwenye masufuria, wengine wanakoroga loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na nyama ilishaanza kunukia. Agnela alikuwa amemshonea bintiye gauni jeupe kwa mkono wake mwenyewe, na lilimkaa vizuri, ila lilikuwa na kola ndefu ya kusimama hadi chini ya midomo. Nalepo akaiona ile kola. Hata kanisani mnaficha, akawaza. Oscar alikuwa anapanga magari, na kila alipopita, yule bibi alimfuata kwa macho toka paji hadi kidevu.

Walipokuwa wanakaribia kuketi, gari likasimama langoni. Likamteremsha Theresia, dada yake Nalepo, aliyeolewa Longido. Nyonga zilikuwa zimemfunga nyumbani kwake miaka. Hakuja hata kumzika Loserian, na Anyesi hakuwahi kumtia machoni. Sasa mjukuu wake amenunua gari, akamwambia twende. Kwenye tumbo walilotoka walibaki wao wawili tu. Theresia alikuwa na mdomo usio na breki, na macho yake ya mbali yalikuwa bado ya mtu anayechunga.

Anyesi alikuwa kwenye pipa la maji na wenzake wa kipaimara. Joto lilikuwa limemshinda, akafungua vifungo vya ile kola ili anywe maji. Mmoja akasema kitu, Anyesi akatupa kichwa nyuma akacheka, meno yote nje na waya wake ukimetameta. Ni kitambo Nalepo hajamsikia akicheka, akageuka. Theresia naye akasimama katikati ya ua, ameegemea fimbo, hasogei.

"Dada, kaa kivulini," Nalepo akasema.

"Nani amekuibia uso?" Theresia akauliza.

"Unasemaje?"

"Yule pale anayecheka. Ametoa wapi uso wako?"

Nalepo akadhani dada yake amepigwa na jua. "Yule ni Anyesi. Wa Agnela."

"Sijauliza jina lake. Wewe, mwite hapa."

Anyesi akaitwa. Njiani akafunga vifungo, akakibana kidevu, akafika ameinama. "Shikamoo, Koko," akamwambia Theresia. Theresia alimpa Nalepo fimbo ashike, akaweka viganja vyake vyote viwili kwenye taya la yule msichana, kimoja huku kimoja huku, akafumba macho. Kisha akaanza kutikisika, na watu wakadhani analia, kumbe ni kicheko.

"Ndicho," akasema. "Ndicho chenyewe. Mimi ndiye niliyekishika siku ile unang'olewa meno, umesahau? Ulikuwa unakimbilia mtoni kila wakija, mpaka ukawa binti mkubwa na meno yako kamili, baba anaona aibu. Siku walipokukamata, mama akaniambia nikishike kichwa. Nilikishika kidevu chako hivi hivi, na ulinipiga teke ambalo nyonga hii inalikumbuka hadi leo. Kilikuwa kimetoka mbele namna hii. Nitakisahau vipi, Nalepo?"

"Mimi sikuwa hivyo," Nalepo akasema.

"Ulijionea wapi? Kioo ulikuwa nacho? Ulijiona mara ya kwanza kwenye kitambulisho, umeshazaa wote, na magego yako yameshaanza kwenda. Yameisha sasa, uso umejikunja kama mfuko uliomwagwa unga. Lakini mfupa haujaenda popote. Shika."

Nalepo hakutaka kushika. Alishika kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Akapeleka vidole viwili chini ya ngozi yake iliyolegea, vidole vilevile vilivyopita kwenye kila mtoto wa nyumba ile, na havikuwahi hata siku moja kupita hapo. Akasukuma. Mfupa ulikuwepo. Mrefu, umetoka mbele, umesimama.

Mama mkwe wake alimwambia, wiki ile ya kwanza alipoletwa bomani, kwamba watoto atakaowazaa watafanana na mwenye boma. Aliamini. Alikuwa binti, angebisha vipi? Na tangu hapo, katika kila uso mdogo uliolazwa mapajani pake, alimtafuta Lemomo, akikosa anatafuta tena mpaka ampate. Yeye mwenyewe hakujihesabu. Alipoulizwa na daktari kama yupo mtu mwenye kidevu kile, alijibu hakuna, na kidevu kinamtazama daktari.

Akamwangalia Anyesi. Msichana alikuwa bado ameinama, kola hadi midomoni.

"Kwa nini unakibana?" bibi akauliza, taratibu.

Anyesi akaishika kola yake.

"Nakuuliza, mama."

"Hukukipenda," Anyesi akasema. "Kule kliniki nilisikia. Nilimwomba daktari anirudishie cha zamani, akasema haiwezekani. Nikaona nikikibana hutakiona, utaniangalia tena."

Jamani. Nalepo alikuwa amezika mume na mwana na hakuyumba mbele za watu, lakini pale aliitafuta fimbo akakuta ameshika mbili. Ikamjia wakati uleule, bila kuitwa, sura ya Loserian akicheka sebuleni na kiganja mdomoni. Alikuwa akiziba. Kila siku alikuwa akiziba, naye mama yake akiita ni adabu. Watoto wawili, baba na binti, wote wamejificha mbele ya macho yake, na yeye ndiye mtambua sura wa ukoo.

Mshereheshaji alikuwa ameshika kipaza sauti, anauliza kama Koko yuko tayari, chakula kinapoa.

"Hakijapoa," Nalepo akasema kwa sauti ya kufika jikoni. "Simel."

"Yeyo."

"Nenda Olmotonyi ukamlete mtamba."

Simel akatazama watu, akatazama masufuria. "Sasa hivi? Yeyo, watu wana njaa."

"Wangoje. Nilikosea mimi, wangoje na mimi. Oscar ana gari, akupeleke." Akamgeukia Oscar, aliyekuwa amesimama karibu na turubai hajui aweke wapi mikono. "Na ukirudi wewe uketi meza ya mbele. Umesikia? Karibu na mama yake Anyesi. Loserian alikuwa anaziba mdomo. Nimekumbuka."

Oscar akatoa ufunguo wa gari mfukoni. Agnela, mwiko mkononi, akajifuta macho na upande wa khanga, akajifanya ni moshi.

Wakangoja. Watoto walilia, wazee walinung'unika, mchungaji akaonja nyama kwa siri na kila mtu akamwona. Jua lilikuwa limeshageuka nyuma ya migomba waliporudi, Simel akiwa nyuma ya gari la watalii amemkumbatia mtamba mwekundu mwenye paji jeupe, suruali yake yote imechafuka. Ndipo Nalepo akasimama, akamshika Anyesi mkono, wakaenda mbele. Mbele ya watu wote wale, msichana akaanza tena kushusha kichwa.

Nalepo akaweka fimbo chini. Akafungua vifungo vya ile kola kimoja baada ya kingine.

"Kitaonekana, Koko," Anyesi akanong'ona.

"Kionekane."

Kisha akasema, kila mtu akasikia, "Huyu ni Anyesi, mtoto wa Loserian Lemomo." Akamgeuzia uso kwenye mwanga. Akampitishia vidole viwili chini ya kidevu, akakisukuma juu, na ukoo mzima ukasubiri lile neno lao wanalolijua.

"Nalepo," akasema.

Akamwekea kamba ya mtamba mkononi, akarudi kuketi na dada yake. Anyesi alibaki pale mbele akiwatazama watu, na kidevu hakikushuka.